Kipimo cha Urubani na Kivuli Kifuani

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kurusha maputo. Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wametushika, na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ulikuwa njia ya Pugu. Ofisi yetu ya hali ya hewa ilikuwa chumba kimoja cha bati chenye kiwanja kidogo nyuma yake. Asubuhi tulijaza puto, tukaliachia, kisha mimi nikalifuata kwa darubini mpaka lipotelee mawinguni, huku nikiandika upepo wa huko juu unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Marubani walikuja dirishani kuniuliza, nikawasomea, wakaenda zao. Jioni nilipanda baiskeli nikarudi kwetu Temeke, ambako baba alikuwa na duka.

Baba alikuwa Mwarabu wa kuzaliwa hapahapa, mtoto wa mwenye duka na mjukuu wa mwenye duka. Mama alikuwa mwenyeji wa Temeke. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu niliyemwachia ziwa, na sote tulikua nyuma ya duka, katika harufu ya mafuta ya taa, sabuni na tende.

Miongoni mwa waliokuja dirishani kwangu alikuwapo Mzungu mmoja aliyerusha ndege wakati wa vita. Sasa alikuwa na ndege zake mbili ndogo za kunyunyizia dawa mashamba ya pamba. Wenzake walimwita Kapteni, na sisi tukamwita hivyohivyo. Kiswahili chake alikuwa amejifunzia mashambani, hakikuwa na salamu wala adabu nyingi, lakini hakuwa mtu wa dharau. Siku moja baada ya kumsomea upepo aliniuliza kama nimewahi kuuona huo upepo ninaouandika. Nilimwambia upepo hauonekani. Akaniambia nivue kofia nimfuate.

Hiyo ndiyo siku niliyopanda ndege mara ya kwanza. Nilikaa kiti cha nyuma, nimefungwa mikanda, na tulipoacha ardhi nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Kisha nikaiona Temeke yote: minazi, mikorosho, njia nyeupe ya mchanga, na bati la duka la baba lililopakwa rangi nyekundu upande mmoja tu kwa sababu rangi ilikwisha. Tuliposhuka nilisimama nimeshika ubawa wa ndege. Kapteni aliwasha sigara akaniangalia, akasema mtu anayeujua upepo kama mimi anaweza kufundishika. Nilimkumbusha kwamba klabu ya urubani ilikuwa ya Wazungu.

"Klabu ina mambo yake," alisema. "Mimi nina ndege yangu. Wewe nenda kwa daktari kwanza. Bila cheti cha daktari sikugusishi kitu."

Tukapatana kwamba siku zangu za mapumziko nitamsaidia kuosha ndege na kukoroga dawa, naye atanifundisha.

Baba hakupenda. Hakusema hapana, kwa sababu hakuwa na desturi ya kusema hapana, lakini alipanga makopo ya maziwa rafuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe akasema, "Daktari akikukubali, na mie nitakukubali." Nilijua anaomba Mungu daktari anikatae.

Daktari wa kupima marubani alikuwa Mzungu wa makamo, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele. Alikuwa na chumba chake mjini. Alinisomesha herufi ukutani, kisha akanifungulia kitabu cha madoadoa ya rangi ambamo namba zimejificha, nikazitaja zote. Alisimama pembeni akaninong'oneza maneno niyarudie. Alinisimamisha kwa mguu mmoja nimefumba macho. Akanipa mpira wa kupuliza uliounganishwa na bomba la zebaki, nikatakiwa kuipandisha zebaki kwa pumzi yangu na kuishikilia pale juu bila kuvuta hewa. Niliishikilia mpaka masikio yakavuma. Nilipotoka nilikuwa nimeshajiona rubani. Kilichobaki kilikuwa picha ya kifua, nayo nilipigwa siku ileile, nimekumbatia bamba la baridi bila shati.

Niliporudi kuchukua majibu, daktari hakunipa mkono. Aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Juu ya pafu la kulia palikuwa na kivuli kidogo, kama pamba iliyochambuliwa. Aliniuliza kama nakohoa. Sikohoi. Kama natokwa na jasho usiku. Nikamwambia Dar es Salaam nani hatoki jasho usiku. Hakucheka. Alisema ni kifua kikuu, kimeanza tu, siku hizi dawa zipo, na nitapona. Lakini cheti cha urubani, hapana.

Sikumbuki nilijibu nini. Ninakumbuka nilikuwa nje kwenye baraza nahangaika na kufuli ya baiskeli, ufunguo hauingii, na kichwani nina jambo moja tu, namna nitakavyomtazama Kapteni. Niliona kama nimetukanwa. Mwili ulioniheshimu maisha yote, uliobeba magunia ya mchele na kuendesha baiskeli mpaka Pugu, umenisaliti mbele ya mtu mgeni.

Hapo daktari akatoka. Kazi yake kwangu ilikuwa imekwisha. Alikuwa na mtu mwingine ndani anamsubiri. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Nyumbani kwenu, nani anakohoa?"

Nikasema hakuna. Halafu nikasema, dada yangu, kidogo, kwa sababu ya moshi wa jikoni.

"Mlete," akasema. "Si mwezi ujao. Mlete kesho."

Nilimweleza baba dukani, nyuma ya magunia, kwa sauti ya chini. Alinisikiliza akiwa ameshika mizani, na nilipofika kwenye habari ya dada aliiweka chini polepole. Mama alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia.

Inafaa nieleze kwa nini mama alisema alichosema. Dada yangu alikuwa ameshaposwa. Mchumba wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kinondoni, kijana wa watu wazuri, na arusi ilikuwa inangoja mwezi wa Ramadhani upite. Kifua kikuu siku hizo hakikuwa ugonjwa tu, kilikuwa jina. Nyumba ikishaingia jina hilo, watu walivuka upande wa pili wa njia.

"Mwanangu ni moshi tu," mama alisema. "Mkimpeleka huko, hata wasipomkuta na kitu watu watasema wamemkuta nacho. Nani atamuoa tena?"

Mimi nikaanza kusema labda tungoje kidogo, tumwonyeshe kwanza daktari mwingine kimyakimya. Nilikuwa nimechoka na habari mbaya na sikutaka nyingine. Ndipo dada akatoka jikoni, kanga imemfika kidevuni, akakaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama.

"Mama, mie nakohoa kila alfajiri," alisema. "Najiziba kwa kanga nisiwaamshe. Juzi nimeona damu."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetua mzigo. Mama alimtazama, akainama, akamshika kichwa kwa mikono miwili, na hapakuwa na aliyezungumzia mchumba tena siku hiyo.

Picha yake ilikuwa mbaya kuliko yangu. Nilikuwa na kivuli kimoja. Yeye pafu la kushoto lilikuwa limeliwa sehemu kubwa. Daktari wa wodi ya kifua, ambaye si yule wa marubani, alimwambia baba wazi kwamba tungengoja arusi ipite, tungechelewa. Baba aliuliza kuchelewa vipi. Daktari akamwambia. Tulipotoka baba aliegemea ukuta wa hospitali kwa muda, mimi nikajifanya natafuta kivuli cha kusimama.

Tulilazwa sote wawili, mimi wodi ya wanaume na yeye ya wanawake. Dawa zilikuwa sindano za kila siku, zilizotufanya tushindwe kukaa sawasawa, na unga mchungu wa kukoroga ambao ulinichafua tumbo kiasi kwamba mpaka leo siwezi kunywa kitu cheupe kilichokorogwa. Wauguzi walitufundisha kukohoa kwenye kikopo chenye mfuniko, kulala dirisha wazi, kula hata bila hamu. Nililazwa miezi michache nikaruhusiwa kuendelea na dawa nyumbani. Dada alibaki.

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba ametoboa ukuta. Chumba changu kilikuwa na kidirisha cha kupitisha paka. Sasa kilikuwa na dirisha pana lenye mbao mbili, na chini yake kitanda kipya alichokiagiza kwa maseremala wa Keko, cha kulala mtu mmoja. Mtu ambaye hakutaka niruke angani alikuwa ameamua hewa yote ya angani iingie chumbani kwangu. Alinionyesha tu namna ya kufunga komeo.

Duka lilipungua wateja. Habari zilikuwa zimeenea, na watu waliokuwa wakinunua kwetu tangu enzi za babu walianza kutuma watoto duka la mbele zaidi. Kuna jirani mmoja sitamsahau, mke wa karani wa serikali, Mnyakyusa, mama wa Kikristo mwenye sauti nzito. Alikuja barazani kwetu saa ambayo watu wengi wanapita, akamwomba mama chakula. Mama alishangaa, akamtolea wali na samaki kwenye sahani yetu ya kawaida. Yule mama akakaa juu ya kibao, akala palepale mbele ya njia, taratibu, mpaka akamaliza, akaomba maji akanywa kwa kikombe chetu. Alifanya hivyo tena siku iliyofuata, na nyingine. Wateja hawakurudi wote, lakini walirudi wengi, na mama tangu siku ile alimwita dada yake.

Upande wa mchumba, wazazi wake walikuja kwa heshima wakaomba mambo yasimame kwanza. Baba aliwakubalia kwa heshima ileile. Nilidhani ndiyo basi. Lakini Jumapili moja nilipokwenda kumtazama dada nilimkuta yule mwalimu amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, suruali imepigwa pasi, machungwa kwenye kikapu. Aliniamkia, ingawa tulikuwa karibu marika. Dada hakutaka kuonekana, alikuwa amekonda sana.

"Shemeji, mwambie mie nangoja," alisema. "Nyumbani wanasema yao, waache waseme. Nitakuja kila Jumapili, akitaka kutoka atoke, asipotaka nitaacha machungwa."

Aliacha machungwa Jumapili nyingi. Kisha siku moja dada alitoka.

Kapteni naye alikuja kuniona, nikiwa bado wodini. Nilikuwa na aibu ya kuonana naye. Alisimama mbali kidogo na kitanda, kama alivyoelekezwa, akanirushia kitabu kinene cha urubani kikaangukia miguuni. Alisema kuruka siwezi, lakini kusoma nani amenikataza. Nilikisoma chote, na maneno ya Kiingereza niliyoshindwa nilimwuliza muuguzi, na yeye akishindwa tuliyakisia pamoja.

Zaidi ya mwaka ulipita. Dawa zikaisha, nikarudi kwenye maputo yangu, nikanenepa. Nikaenda tena kwa daktari wa marubani, safari hii bila majivuno, nikiwa na hakika kwamba nimeshalipia. Nilisoma herufi, nikataja namba za rangi. Kwenye zebaki pumzi iliniishia mapema, lakini alisema inatosha. Kisha akabandika picha mpya dirishani. Kivuli kilikuwa kimekwenda, pamebaki mstari mwembamba wa kovu.

Alinieleza kwa upole kwamba kovu bado bichi. Huko juu hewa ni nyepesi, na kidonda kilichofunga karibuni kinaweza kufunguka. Kanuni zilitaka nikae muda mrefu nikiwa mzima kabisa bila dawa, halafu nipimwe tena. Hapana ya pili.

Ile iliniuma kuliko ya kwanza. Ya kwanza nilikuwa mgonjwa. Ya pili nilikuwa mzima. Nilirudi nyumbani nikamwambia dada, ambaye wakati huo alikuwa ametoka hospitali na anakaa barazani jioni kupunga upepo, kwamba ninamrudishia Kapteni kitabu chake na mambo yameishia hapo.

Aliniangalia kama aliyesikia jambo la kitoto. "Kaka, mie nangoja kuolewa tangu lini?" akasema. "Na wewe huwezi kungoja ndege?"

Nikacheka bila kupenda. Kitabu sikukirudisha.

Basi nikangoja. Asubuhi kabla ya kazi nilitembea kwa miguu mpaka Keko na kurudi, nikivuta pumzi kwa puani na kuitoa kidogokidogo. Jioni nilijizoeza kupuliza maji kwenye chupa kwa mrija wa mpira, mama akinicheka kwamba nimekuwa mtoto tena. Alinilisha mayai, supu ya samaki na maziwa, akasimama hapo mpaka nimalize. Katika kungoja huko dada akaolewa. Ilikuwa arusi ndogo. Wazazi wa mwalimu walikuja wote, na mama mkwe mwenyewe alimvalisha dada kitambaa cha kichwani. Mke wa karani alipika na mama tangu asubuhi, na nilimwona baba, mtu asiye na maneno, akienda nyuma ya nyumba kufuta macho.

Kipimo cha tatu nilikutana na daktari mwingine, kijana, kwani yule wa mwanzo alikuwa likizo kwao Ulaya. Huyu hakujua chochote juu yangu. Kila kitu kilikwenda vizuri, pumzi niliishikilia mpaka yeye ndiye akaniambia inatosha. Alipofika kwenye kunipima presha alipuliza mpira, akasikiliza, akakunja uso, akapuliza tena. Presha ilikuwa juu. Moyo ulikuwa unanidunda nikiusikia kooni, na kila nilipojiambia utulie ndivyo ulivyozidi. Nikaona mlango wa tatu unafungwa, na safari hii kwa sababu ya woga tu.

Aliniuliza ninaogopa nini. Nikamweleza, sijui kwa nini, yote tangu mwanzo: kivuli, dada, kovu bichi. Hakuniingilia. Akanitoa barazani, akaniambia nikae pale nitazame watu wanaopita, asinione nikisimama, naye akaenda kunywa chai. Nilikaa. Mwanamke alipita na karai la samaki kichwani akinadi, wapagazi wawili wakabishana juu ya mkokoteni, nikajikuta nawasikiliza nani ana haki. Daktari aliporudi alinipima palepale barazani, bila kuniingiza ndani. Presha ilikuwa imeshuka.

Cheti nilichopata kilikuwa na masharti. Niliruhusiwa kuruka, lakini si kwa kazi ya kulipwa wala kubeba abiria wa kulipa, na kila mwaka nipigwe picha ya kifua. Ndoto ya kuvaa sare ya urubani iliishia hapo. Niliipokea ile karatasi kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa.

Kapteni alitimiza ahadi. Alikuwa mwalimu mkali, aliyenirudishia kosa moja mpaka nilichukie, na nilitumia mapumziko yangu yote kuosha ndege na kunuka dawa ya pamba. Asubuhi moja tulipotua alifungua mkanda wake, akashuka, akaniambia kwa sauti ya kawaida nizunguke uwanja mara moja mwenyewe. Nilizunguka. Ndege ilikuwa nyepesi bila yeye, ikapanda haraka kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa nikiongea peke yangu kwa sauti, nikijisomea maagizo yake yote. Nilipotua, baba alikuwa amesimama kwenye uzio na kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Kapteni ndiye aliyempelekea habari. Baba alinipa mkono, akanishika muda mrefu, akasema, "Daktari amekukubali." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Niliruka kwa miaka michache. Dada nilimwomba mara nyingi apande, akakataa mara zote, alisema mapafu yake yamezoea hewa ya chini. Kapteni alipouza ndege zake akaondoka nchini, nami nikaacha, nikaendelea na hali ya hewa mpaka nilipostaafu. Sina kinyongo na hilo. Nilipata zaidi ya nilichotafuta.

Yule daktari wa kwanza nilimwona mara moja tena, katika miaka hiyo ya kuruka. Nilisikia anarudi kwao moja kwa moja, nikaenda nyumbani kwake kabla hajaondoka. Nilimkuta barazani katikati ya masanduku, anafunga vitabu kwa kamba. Nikajitambulisha, nikamwambia nimekuja kumshukuru kwa siku aliyoniuliza nyumbani nani anakohoa. Alinitazama kwa bidii ya kutaka kunikumbuka, kisha akaniambia kweli.

"Niwie radhi, sikukumbuki. Niliwauliza watu wengi." Akaweka kamba chini. "Na dada yako? Yu mzima?"

Nikamwambia mzima, ana mtoto wa kiume anayetambaa na mwingine yuko njiani. Aliuliza jina la mtoto, nikamtajia, akalirudia mpaka akalisema sawasawa. Kisha tukasaidiana kufunga masanduku yaliyobaki.